Mlipuko ukija, msifunge uwanja

Kila kikao cha mtaa ninachokwenda kuzungumzia magonjwa ya mlipuko, lazima anyanyuke mtu aseme: "Bwana afya, Uviko-19 ule ukirudi, kwanza fungeni bustani na viwanja." Na wenzake wanapiga makofi. Nimelijibu mno hili kwa mdomo, sasa naliandika, pamoja na hoja nyingine ninazozisikia vikaoni, moja baada ya nyingine.

"Viwanjani ndiko ugonjwa unakosambaa, usalama ni kukaa ndani"

Uviko-19 husambaa zaidi kwa hewa. Mwenye virusi akiongea, akiimba au akipumua tu, anatoa chembechembe zinazoelea. Chumbani zinarundikana, uwanjani upepo unazitawanya. Ukimtoa mtu uwanjani ukamrudisha kwenye chumba cha madirisha yaliyofungwa, umemsogeza karibu na ugonjwa.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa 16 Machi 2020, na alikuwa hapa hapa Arusha. Kesho yake zikatangazwa shule kufungwa, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi 29 Juni. Fikirieni watoto wa Ngarenaro na Unga Limited, familia nzima chumba kimoja cha kupanga. Nani angewafungia humo miezi mitatu? Walicheza uchochoroni na kando ya korongo. Geti la uwanja likifungwa, mtoto haachi kucheza, anahamia penye msongamano zaidi.

Wanaonidai nifunge viwanja mara nyingi ni wanakikoba, yaani wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopeshana. Twendeni basi kwenye kikao chao. Kina mama wamejaa sebuleni, sanduku la kufuli tatu katikati, mlango umekomewa na mapazia yameshushwa ili jirani asione hela zikihesabiwa. Hisa, marejesho, mfuko wa jamii, ubishi wa faini za waliochelewa: saa mbili nzima watu wanapumuliana. Mama zangu, hicho kikao ndicho cha kunikosesha usingizi, wala si vijana wanaopiga danadana pale nje. Kitoeni chini ya mti, viti viachane hatua mbili, walinzi wa sanduku wakae katikati. Mkisingizia masika, tandikeni turubai la paa tu, kuta zikunjwe. Nasisitiza kuta zikunjwe, kwa sababu turubai lililozibwa pande zote ni chumba kingine.

Sisemi nje hakuna hatari kabisa. Watu wakibanana bega kwa bega jukwaani kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid wakipiga kelele, wanaambukizana. Dawa yake ni kupanga. Vikundi vya joging vipite alfajiri, wazee waje jua likishachomoza, watoto alasiri. Mei 2020 bustani ya Domino Park kule Brooklyn, Marekani, ilichora miduara kwenye nyasi, kila familia ikakaa ndani ya duara lake. Sisi chokaa ya kuchorea viwanja vya mpira tunayo, na vijana wa kuichora wapo.

"Gari la matangazo limepita, wananchi wameshirikishwa"

Gari linasema, halisikii. Viongozi wa joging, mama lishe wa getini na bodaboda wa kijiwe jirani ndio wanaojua nani anafika saa ngapi na wapi panajaa. Waitwe pamoja na mwenyekiti wa mtaa kabla ratiba ya uwanja haijaandikwa. Ikibandikwa bila wao, haifiki wiki mbili.

Ndoo za maji tiririka za 2020 zilikufa kwa kasoro hiyo hiyo. Ziliwekwa kila geti, lakini hakuna aliyekabidhiwa kuzijaza. Saa nane mchana unafungua koki, inatoa matone mawili, na sabuni imeshaondoka. Mkabidhini muuza chai wa hapo, alipwe kidogo, na ndoo haitakauka.

"Pulizieni dawa bustani nzima"

Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri maeneo ya nje yasipuliziwe. Vumbi na uchafu huimaliza nguvu klorini, na dawa yenyewe huumiza macho na mapafu ya wapita njia. Pesa hiyo inunue sabuni.

"Bembea zimejaa virusi"

Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi vya Uviko kwa ujumla ni chini ya mara 1 kati ya 10,000. Mtoto anawe mikono, abembee.

"Mazoezi yatasubiri"

Wenye kisukari na presha ni miongoni mwa waliozidiwa zaidi na Uviko, na ndio wanaohitaji kutembea. Mtu mzima anatakiwa walau dakika 150 kwa wiki, mtoto dakika 60 kila siku. Mlipuko haupunguzi hata moja.

"Magonjwa ya mlipuko yote ni yale yale"

Hapana. Marburg, iliyotokea Kagera 2023, hupita kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, kwa hiyo swali linakuwa nani anauguza na nani anaosha maiti. Kipindupindu hufuata maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Hapo uwanja unaokusanya mamia ya watu bila choo wala maji safi, huku chakula kinauzwa pembeni, ufungwe mpaka choo na maji vipatikane. Huo nitaufunga mwenyewe, na mnipigie simu mkiuona.