Mkupuo, miezi sita na bahasha ya kaki: tunayoamini kuhusu uzee na mirathi

"Nikilipwa mafao ndipo nitajipanga."

Nimeisikia kauli hii kwa walimu, kwa manesi, na kwa baba yangu mdogo aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini. Miezi minane kabla hajastaafu tulikaa barazani kwake na daftari. Kichwani alikuwa ameshazigawa fedha zote: kumalizia nyumba, bodaboda mbili, harusi ya binti. Hesabu aliijenga juu ya mkupuo, yaani fedha za mara moja za kustaafu, waliolipwa wenzake waliomtangulia.

Tukapiga hesabu ya mtumishi aliyechangia miezi 360, ambaye mshahara unaoingia kwenye hesabu ni shilingi milioni 12 kwa mwaka. Kwa kikotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, cha zamani cha PSPF na LAPF, iliyokuwa mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma Tanzania, unazidisha milioni 12 kwa 360, unagawanya kwa 540, inakuja milioni 8, pensheni ya mwaka mzima. Nusu yake unaizidisha kwa 15.5: mkupuo milioni 62. Nusu ya pili inalipwa mwezi kwa mwezi. Kikotoo kilichoanza Julai 2022 kinagawanya kwa 580, kinazidisha kwa 12.5, na fungu la mkupuo lilianza na asilimia 33. Kwa hesabu hiyo mtumishi yuleyule angeondoka na kama milioni 30.7. Baba mdogo aliweka kalamu chini, akanyamaza.

Sishangai malalamiko yalikuwa makubwa mwaka 2018, kikotoo kipya kilipoletwa mara ya kwanza, hata Rais Magufuli akaagiza Desemba ile vikotoo vya zamani viendelee kwa muda. Asilimia ile 33 ya mkupuo nayo imeongezwa baadaye. Walionung'unika walikuwa na haki. Aliyekatwa mshahara miaka yote akijua hesabu moja anaumia akiletewa nyingine akiwa mlangoni anaaga.

Lakini kuna upande hatuutazami. Pensheni ya mwezi ya mtumishi huyo, kwa hesabu hizo hizo za asilimia 33, ilitoka 333,000 hadi karibu 416,000. Mkupuo wake wote ni sawa na pensheni ya miezi 74. Akistaafu na miaka 60 akajaaliwa kufika 75, malipo ya kila mwezi yatakuwa yamemfikishia karibu milioni 75. Fedha yake kubwa basi ni hii inayoingia kidogo kidogo, na wanaoijua thamani yake kuliko wastaafu wenyewe ni wakopeshaji wa kausha damu, mikopo ya riba kubwa, wanaobaki na kadi ya benki ya mzee pamoja na namba yake ya siri. Naomba kila mwenye mzazi mstaafu amuulize leo kadi yake iko wapi.

Bodaboda zilifutwa kwenye daftari. Nyumba ikabaki.

"Nimekatwa kwenye mshahara, basi imefika."

Kukatwa na kuwasilishwa ni vitu viwili. Mimi mwenyewe, kwa mwajiri mmoja wa zamani, nilikuja kugundua miezi 14 haipo kwenye taarifa ya michango, ilhali hati za mshahara zinaonyesha makato kila mwezi. Nilizipata kwa sababu hati zile nilikuwa nimezitunza. Pensheni inataka michango isiyopungua miezi 180, kwa hiyo miezi 14 si kitu cha kusamehe. Angalia taarifa yako kila mwaka, ungali kazini, mhasibu anakufahamu na ofisi bado ipo.

"Mfuko ni wa walioajiriwa."

Hapana. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inapokea pia waliojiajiri: mama lishe, fundi, dereva, mkulima. Wengi wao wanatumaini watoto, nami sidharau hilo, maana mtoto anayemtunza mzazi ni neema. Ila mtoto huyo ana kodi ya nyumba na ada za kwake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wazee wote waliofika miaka 70, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hakuna mpango kama huo kwa wazee wote.

"Tumeishi pamoja miezi sita, kisheria ni mke wangu."

Hii imewaumiza wanawake wengi kuliko zote. Miezi sita haipo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 160 kinasema miaka miwili au zaidi, tena kinachopatikana hapo ni dhana ya ndoa tu, ambayo upande wa pili unaweza kuipinga mahakamani. Hebu fikiria mama aliyezaa watoto watatu na mtu, anaambiwa na mawifi siku ya arobaini alete cheti. Kama mnapendana na mmekaa, fungeni ndoa, mpate cheti.

"Kuandika wosia ni kujichuria."

Nawajua watu wa umri wangu ambao hata neno lenyewe hawalitaki mezani. Wosia hauiti kifo. Unaweza kuubadilisha kadiri upendavyo ungali hai, na RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, inahifadhi wosia kwa anayetaka. Kwa wanaofuata sheria za kimila, wosia wa maandishi wa anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine wa nje. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi ya mali yake, na kwa wasio warithi. Iliyobaki ina mafungu yake.

"Msimamizi wa mirathi ndiye mwenye mali."

Ukoo unakaa kikao, kaka mkubwa anapendekezwa, Mahakama ya Mwanzo inamteua, naye anarudi nyumbani na kuanza kupangisha vyumba kana kwamba ni vyake. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi. Anatakiwa kurudisha mahakamani fomu namba tano, yenye orodha ya mali na madeni, na fomu namba sita, yenye hesabu ya alivyogawa. Asipofanya hivyo, mrithi yeyote anaweza kwenda kuomba uteuzi wake utenguliwe, na mjane hahitaji ruhusa ya mawifi kwenda kuuliza.

Baba mdogo sasa ana bahasha ya kaki kabatini: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanne, hati ya kiwanja, taarifa ya mfuko, na wosia wa kurasa mbili alioandika kwa mwandiko wake wa ubaoni. Shangazi anajua ilipo. Tulipopitia karatasi moja moja tukakuta jina la binti yake wa tatu lina herufi moja zaidi kwenye cheti kuliko kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA. Jumatatu tunakwenda naye kwa wakili kuapa kiapo cha majina.