Zapfino na nafasi yake kwenye kadi ya mwaliko

Katika kazi yangu ya kusanifu kadi na vyeti, Zapfino ni fonti ninayoipenda kuliko zote za mwandiko wa mkono, na pia ndiyo ninayoiona ikitumiwa vibaya zaidi. Asili yake ni kaligrafia, yaani sanaa ya mwandiko mzuri, ya Mjerumani Hermann Zapf, ambaye mwaka 1944, akiwa bado jeshini, alijaza ukurasa wa daftari lake kwa herufi zenye mikia mirefu. Uchapaji wa zamani wa herufi za madini ya risasi ulibana sana mikia ya namna hiyo, kwa kuwa kila herufi ilikaa kwenye kipande chake cha metali, hivyo wazo lile lilisubiri kompyuta hadi kampuni ya Linotype ilipoitoa fonti hiyo mwaka 1998.

Uzuri wake umo katika wingi wa maumbo. Herufi moja ina sura kadhaa, nyingine tulivu, nyingine yenye mkia unaozunguka, na programu inayoziunga mkono hubadilisha sura kulingana na herufi jirani, jinsi mkono wa mwandishi stadi usivyorudia umbo lilelile mara mbili. Chukua majina Saidi na Yusufu: katika baadhi ya sura zake shingo ya d hulala kushoto na kuzifunika herufi zilizotangulia, ilhali f hupanda juu sana na kushuka chini sana, kiasi kwamba jina lililo mstari wa pili likikaribia mno, mistari hiyo hugongana. Kwa sababu hiyo mimi huacha nafasi kubwa kati ya mistari, kisha nikachagua mwenyewe sura ya kila herufi inayoelekea kugusa nyingine. Kazi hiyo huchukua muda, na haifai kuachiwa kompyuta peke yake.

Majina ya bwana na bibi harusi, neno moja la heshima juu ya cheti, labda jina la duka la manukato: hapo Zapfino hung'aa. Tarehe, ukumbi, majina ya wazazi na namba za simu za kuthibitisha kuhudhuria viandikwe kwa fonti iliyonyooka. Palatino, ambayo ni ya Zapf huyohuyo, hukaa nayo vizuri. Kuandika neno zima kwa herufi kubwa za Zapfino ni kuliharibu, maana kila moja ilichorwa ili iongoze herufi ndogo, nazo zikipangwa pamoja hushindana na neno halisomeki. Vilevile usiongeze nafasi kati ya herufi, kwani viungo vyake hukatika.

Siku hizi kadi nyingi husambazwa kwa WhatsApp, na kwenye kioo cha simu mistari myembamba ya Zapfino hufifia, hasa ikiwa ya dhahabu juu ya rangi ya maziwa. Kadi ya namna hiyo huwa naikuzia majina hadi yajaze karibu upana wote, na wino wake nauweka mweusi au kijani kilichokolea.