Mbona ufundi unashinda bei ya spea?

Wateja wengi hunifikia bei ya spea wakiwa washaiuliza dukani. Nikiwatajia ufundi, yaani malipo ya kazi, wanaona nimewapandishia. Mimi ni fundi wa magari hapa Malindi, na swali hili nataka nilijibu vizuri, kwa sababu mtu asiyejua pesa yake imekwenda wapi hawezi kumwamini fundi wake.

Ufundi haupimwi kwa ukubwa wa kifaa. Hupimwa kwa yote yanayofunguliwa ili kukifikia. Rilizi beringi ya klachi, ile inayosukuma klachi ukikanyaga pedali, inaenea kiganjani, lakini imekaa katikati ya injini na gia boksi. Kwenye Toyota Probox ya gia za mkono, ili uiguse ni lazima utoe shafti za magurudumu ya mbele, umwage oili ya gia, uitegemeze injini, ndipo ushushe gia boksi lenyewe. Kisha urudishe vyote. Fundi mwenye vifaa kamili humaliza kazi hiyo kwa saa nne hadi sita, hata kama kilichobadilishwa ni beringi peke yake.

Ndiyo maana gia boksi likishuka mimi hushikilia klachi pleti, presha pleti na beringi vibadilishwe pamoja, na sili ya nyuma ya krenki, inayozuia oili ya injini isivuje, iangaliwe. Tuseme beringi ni shilingi 2,000 na ufundi ni 5,000. Ukiacha beringi kuukuu ili uokoe 2,000, siku itakapoanza kulia utatoa 7,000. Na sili ikivuja, oili huilowesha klachi mpya, ikaanza kuteleza.

Breki pedi za mbele ni kazi nyepesi. Kama pini za kalipa, kile kibano cha pedi, hazijakwama, haifiki saa mbili. Usikubali kulipishwa kama ya nusu siku.

Lakini hapa kwetu kuna jambo ambalo bei za Nairobi hazilihesabu, nalo ni chumvi. Gari linalolala karibu na bahari, upande wa Silversands au Casuarina, linapigwa na unyevu wa chumvi usiku kucha, na kusi ikivuma ndiyo huzidi. Magari yanayofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni yana hali mbaya zaidi. Chukua mfano wa bushi za loa amu, yaani mipira ya ule mkono wa chini unaoshika gurudumu. Boliti yake hupita ndani ya bomba dogo la chuma lililomo katikati ya mpira. Chumvi ikiingia humo, boliti na bomba hushikana kwa kutu. Unazungusha spana, boliti inazunguka na bushi nzima, haitoki. Unapaka mafuta ya kulegeza kutu, unasubiri, unagonga, mwisho unaikata kwa grenda na kununua boliti mpya. Kazi ya saa moja imekula nusu siku, na bado bushi mpya zinahitaji presi, na magurudumu yapimwe elaimenti, yaani kama yamenyooka.

Kwa hiyo fundi wa pwani akikwambia bei ya ufundi inaweza kubadilika boliti zikigoma, hakudanganyi. Mwambie tu akuite uzione kabla hajakata. Na anapofunga mpya, apake grisi kwenye boliti pale inapopita ndani ya lile bomba. Grisi hiyo ni pesa ndogo sana, na inamwokoa mteja mwaka mwingine.

Linaloniuma zaidi ni maji ya kisima kwenye redieta. Visima vingi vya mji huu vina maji ya munyu. Maji hayo hula alumini ya injini, huacha ukoko ndani ya njia za redieta, na gari huanza kuchemsha polepole, hasa likipanda na mzigo. Kulanti, yaani dawa ya redieta, iliyochanganywa sawasawa huzuia kutu, na hukawia kuchemka kuliko maji matupu. Gharama yake huwezi kuilinganisha na ya gasketi ya hedi iliyoungua, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku. Gasketi yenyewe si ghali. Ghali ni kushusha hedi, kuipeleka ipimwe kama imepinda, kuisawazisha kwenye mashine, kisha kukaza boliti zake kwa mpangilio na kwa nguvu iliyopimwa. Kwenye injini nyingi za Toyota, hedi ikipinda zaidi ya milimita 0.05 haifai kurudishwa hivyo hivyo. Macho hayaoni kipimo hicho. Fundi anayeitazama tu, akaifuta na kuifunga, amekuuzia gasketi itakayoungua tena.

Kazi ya namna hii haina bei moja ya mwanzo, kwani hujui hali ya hedi mpaka ishuke. Patana kwa hatua: bei ya kufungua na kupima, halafu bei ya kurudisha baada ya kujua kilichopatikana. Andikiwa spea mbali na ufundi mbali, na udai spea kuukuu uzione.

Jihadhari pia na kazi isiyokuwepo. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox na Vitz nyingi, hutumia cheni ya taiming, inayolinganisha mwendo wa valvu na pistoni, si belti. Belti inayoonekana nje ni ya alteneta na wota pampu, na kuibadilisha ni kazi fupi. Ukiandikiwa ufundi wa belti ya taiming kwa injini hiyo, chukua karatasi yako umwonyeshe fundi mwingine kabla hujatoa hata shilingi.