Filamu za Méliès zilikuwa na rangi

Kila filamu za Georges Méliès, mtengenezaji wa filamu wa Ufaransa wa enzi za mwanzo za sinema, zinapooneshwa upya, utasikia watu wakisema: enzi zile sinema ilikuwa nyeusi na nyeupe, tena bubu. Si kweli. Nakala nyingi ziliuzwa bila rangi, lakini aliyelipa zaidi alipata ya rangi. Jijini Paris, karakana ya Élisabeth Thuillier iliajiri wanawake zaidi ya 200 waliopaka rangi kwa brashi kwenye utepe wa filamu, picha moja baada ya nyingine, kila mmoja akishughulikia rangi yake. *Le Voyage dans la Lune* (Safari ya Mwezini), filamu ya Méliès ya mwaka 1902, ina picha zaidi ya 13,000. Hebu fikiria macho na mikono ya wale akina mama! Nakala yake ya rangi ilipatikana Hispania mwaka 1993, utepe umegandamana, na baada ya miaka ya ukarabati ikaoneshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2011.

Ububu nao? Ukumbini alikuwepo mpiga piano, mara nyingi na msimulizi.

Dhana kwamba filamu zake hazikuwa na rangi imedumu kwa sababu Méliès mwenyewe alichoma negativu zake (tepe asilia ambazo nakala hutolewa kwazo) mwaka 1923, na nakala zilizosalia nyingi hazina rangi.