Umeme wa upepo Iowa: yanayosemwa na yaliyopo

Mtu akisikia kwamba zaidi ya nusu ya umeme unaozalishwa Iowa, jimbo la katikati mwa Marekani, hutokana na upepo, haraka hudhani hiyo ni kazi ya wanaharakati wa mazingira kutoka miji mikubwa. Sivyo kabisa. Iowa ni jimbo la mahindi, soya na nguruwe, na walioubeba upepo huko ni pamoja na Warepublican, yaani wafuasi wa chama cha kihafidhina, wa vijijini. Mwaka 1983, chini ya Gavana Terry Branstad, Iowa ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuzilazimisha kampuni za umeme kununua nishati jadidifu. Mwaka 1992 Seneta Chuck Grassley, naye mkulima, alisimamia nafuu ya kodi iliyowavuta wawekezaji. Leo mitambo ya upepo imepita 6,000.

Wengine husema baridi ikikaza mitambo hufa, wakitolea mfano jimbo la Texas, ambako Februari 2021 baridi kali ilikata umeme wa mamilioni ya watu. Texas vifaa vya gesi navyo viliganda, na mitambo yake mingi ya upepo haikuwa imeandaliwa kwa barafu. Ya Iowa hufungwa vipasha joto na hufanya kazi hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Udhaifu wa kweli uko kwingine: upepo hupungua majira ya joto, wakati viyoyozi vinapohitaji umeme zaidi. Ndiyo maana gesi na makaa ya mawe bado yapo, pamoja na nyaya zinazouunganisha umeme wa Iowa na wa majimbo jirani.

Kuhusu kelele za mitambo kuleta saratani, hakuna ushahidi wowote. Donald Trump alipolisema hilo mwaka 2019, Grassley, wa chama chake mwenyewe, aliliita la kijinga.

Dhana kubwa zaidi ni kwamba mitambo inameza mashamba. Mtambo mmoja, pamoja na njia yake ya changarawe, kwa kawaida hauchukui zaidi ya ekari moja. Mahindi hupandwa hadi karibu na mnara. Mwenye ardhi hulipwa dola elfu kadhaa kwa mwaka kwa kila mtambo, bei ya mahindi ipande au iporomoke, na kaunti hukusanya kodi inayosaidia shule na barabara.

Lakini hata watetezi wa upepo wana dhana yao potofu, nayo inaniudhi zaidi: kwamba kila mkulima anayepinga amedanganywa. Chini ya udongo mweusi wa kaskazini mwa Iowa kumefukiwa mabomba ya kutolea maji. Bila hayo, sehemu kubwa ingekuwa kinamasi. Kreni ya kusimamishia mnara ikipita udongo ukiwa umelowa, hushindilia ardhi na kuvunja mabomba hayo. Mkulima huja kugundua baadaye, mvua ikishanyesha, akikuta maji yametuama katikati ya mistari ya mahindi na miche imegeuka manjano. Naye jirani aliyekataa mtambo mara nyingi hapati senti, ila taa nyekundu za minarani humwakia usiku. Hayo si uzushi, na ndiyo yaliyozifanya baadhi ya kaunti kuongeza umbali kati ya mitambo na nyumba, au kusitisha vibali.

Kabla ya kutia sahihi, mkulima ahakikishe mkataba unataja nani atakarabati mabomba, ndani ya muda gani, na fedha za kuubomoa mtambo ukichakaa zitawekwa wapi.