“Ni mchezo wa redio tu”: tunayodhani na yaliyoonekana

Dhana: Mchezo wa redio ni burudani. Kama unaisaidia afya ya jamii, nani atapima?

Umepimwa, tena Tanzania. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, ukigusa uzazi wa mpango na UKIMWI. Mtambo wa Dodoma haukuurusha. Hadi 1995, saa ileile wasikilizaji wa huko walipewa vipindi vingine, na watafiti wakawa na pande mbili za kulinganisha. Kulikosikika mchezo, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma. Mbishi atasema Dodoma ni Dodoma, ina ukame wake na mila zake, huwezi kuilinganisha na kwingine. Sawa. Lakini mchezo ulipofika huko baada ya 1995, mabadiliko yakaonekana huko pia, na mimi hapo ndipo ninaposhawishika zaidi.

Dhana: Msikilizaji hufundishwa na mhusika mwema.

Mwema peke yake huchosha. Mkwaju wa Twende na Wakati alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, akaishia kuugua UKIMWI. Kati yake na wema wa mchezo waliwekwa watu wanaoyumba, leo huku kesho kule. Hao ndio sisi.

Dhana: Kazi hii ni ya wasanii wa mjini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walikwenda Malya, Kwimba. Wanakijiji walicheza ngoma zao wenyewe, na kwa ngoma hizo wakajadili jambo lililowakera: mimba za wanafunzi.

Dhana: Kama imani ya mtu haikubadilika, kipindi kimeshindwa.

Hii ndiyo inayowapotosha hata wafadhili. Nchini Rwanda, mchezo wa Musekeweya ulianza 2004 ukizungumzia chuki na maridhiano. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vya wasikilizaji kwa mwaka mzima. Vingine vikasikiliza mchezo wa afya badala yake. Imani za watu binafsi hazikusogea sana. Kilichosogea ni walivyowaona majirani: nini kinakubalika hapa kwetu, nani anaweza kupinga hadharani bila kuonekana msaliti.

Mwishoni kila kikundi kilipewa zawadi ya redio na kaseti za mchezo, kitumie kwa pamoja. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumkabidhi kiongozi wa eneo avitunze, yakaisha. Waliosikiliza Musekeweya walibishana, wengine wakampinga aliyetoa wazo hilo, kisha wakapangana wenyewe namna ya kuitumia.