Kiwi tunainunua, mabibo tunayaacha yaoze

Juzi mama mmoja kaja kliniki hapa Mtwara na mwanae wa miaka mitatu, akatoa kwenye mkoba kiwi moja kaifunga vizuri kwenye karatasi, anauliza ampe nusu asubuhi nusu jioni au yote kwa pamoja, maana kasikia inaongeza damu. Nikamuuliza, mama umetokea wapi? Tandahimba. Na hii ni Novemba! Yaani katoka kwenye mikorosho ambayo chini mabibo, yale matunda yanayoning'iniza korosho, yamejaa mpaka nyuki wamechoka nayo, kaja mjini kununua tunda lililovuka bahari.

Kiwi sina ugomvi nayo, mi ni mtu wa lishe, tunda ni tunda. Ina vitamini C kama miligramu 90 kwenye gramu 100, chungwa lina kama 50. Ila bibo mara nyingi linapita 200. Mnaona tunachokitupa? Sisi tunang'oa korosho, tunapeleka ghalani, na bibo ambalo ni zito mara nyingi kuliko korosho yenyewe linabaki pale pale mchangani, kesho yake limeshachacha.

Sasa najua mtaniambia nini, bibo linakereketa. Kweli, ule ukakasi ni tanini, ndo inayokaba koo na ndo inayoacha doa lisilotoka kwenye shati la mtoto. Na tanini ina ubaya mwingine ambao watu hawausemi: inazuia mwili kuchukua madini chuma, yale ya kutengeneza damu, kwenye mboga na mbaazi, wakati vitamini C inasaidia yachukuliwe. Kwa hiyo bibo lina kinachoongeza na kinachozuia humo humo, na kazi yetu jikoni ni kukitoa hicho cha pili.

Dawa yake mnayo shambani, ni muhogo. Okota mabibo ya asubuhi hiyo hiyo, yasiyopasuka, osha kwa maji mengi maana mikorosho inapuliziwa salfa, ile dawa ya ukungu, kamua, chuja kwa kitambaa safi. Kwenye lita moja ya juisi chukua wanga wa muhogo kijiko kimoja cha chai na nusu hivi, koroga na maji kidogo, pika mpaka uwe kama uji mwepesi unaong'aa, acha upoe kabisa, ndo umimine kwenye juisi ukoroge. Weka kwenye friji usiku mzima. Asubuhi utakuta chini kumetuama utelezi mzito na juu juisi imekuwa angavu rangi ya chai ya rangi nyepesi, mimina ile ya juu taratibu. Onja, utashangaa. Halafu ichemshe kidogo kabla ya kunywa, vitamini C itapungua kiasi lakini tumbo la mtoto litakuwa salama, mi naona bora hivyo. Na tafadhali usitumie sufuria ya chuma wala kisu cha chuma kinachoshika kutu, mara ya kwanza mi nilifanya hivyo juisi yote ikawa nyeusi.

Kulipika bibo kama mboga ni rahisi zaidi. Kata vipande, chemsha dakika chache kwenye maji ya chumvi (vijiko vitatu vya chai kwa lita), mwaga maji, kamua kidogo, kisha liunge kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi. Linatafunika kama nyama laini. Wenzetu wa Brazil, ambako mkorosho ndo ulikotoka kabla Wareno hawajauleta pwani yetu, wanalipika sana tu.

Tahadhari sasa. Korosho ing'oe kabla hujakamua, na lile ganda bichi usiliguse kwa mdomo wala usimwachie mtoto, mafuta yake yanaunguza ngozi mpaka malengelenge, na moshi wa kuchoma makorosho nao si wa kuchezea. Ambaye utomvu wa embe unamuwasha aanze na kipande kidogo sana, mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja. Mwenye shida ya figo asinywe hii juisi mabilauri na mabilauri, aongee na daktari wake kwanza. Mwenye kisukari ajue sukari imo tayari, asiongeze. Na kochoko, yale mabibo makavu mnayoanika kwa ajili ya nipa, ile pombe kali, hiyo sio lishe jamani, nipa ya kienyeji hakuna anayejua kilichomo na imeshapofusha watu.

Yule mama nilimwambia kiwi ampe tu, pesa imeshatoka, ila aangalie midomo isimuwashe. Akirudi nyumbani amkamulie bibo, nusu kikombe cha juisi iliyotuama, ampe pamoja na ugali na mbaazi za nazi, sio saa nyingine, hapo hapo wakati anakula. Akaniuliza, na wanga wa muhogo lazima wa dukani? Hapana mama, ule ule unaotuama chini ukichuja muhogo uliokunwa unatosha.